Nimekula, Nimeshiba

3 Machi

Kijiko mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, ila goti la shemeji yako limegoma tena na sasa anatembea kama mtu aliyeangusha sindano. Mpwa wako tumbo limekuwa kubwa. Daktari anasema mwisho wa Juni, naye hali kitu isipokuwa viazi vya kuchemsha na malalamiko. Anakusalimu sana mjomba wake. Simu yako haipatikani tangu Januari, na yule dada wa kwenye simu nimechoka kusalimiana naye. Ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu, kama enzi zile ulipokuwa mwanafunzi wa upishi. Barua naituma hapo hotelini kwako.

Sasa sikia langu. Nilipostaafu stoo ya shule mlisema nitakaa nje ya nyumba nihesabu kunguru. Basi tangu mwaka uanze nasimamia stoo nyingine, stoo ya chakula ya mtaa. Wenye maduka wanatoa unga, mchele, mafuta na sabuni, wakulima wanaleta maharage, na familia zilizopungukiwa zinakuja kuchukua bila kulipa. Kamati ya mtaa imetupa chumba kilichokuwa cha kinyozi, yule aliyehamia kwa mwanawe. Ameacha vioo ukuta mzima pamoja na kile kiti chake kikubwa cha kuzunguka. Nimevisugua vioo mpaka vinang'aa, na chumba kinaonekana kikubwa maradufu.

Utaratibu wangu ni uleule wa shuleni. Unajua kwamba kwa miaka thelathini hakijapotea kwangu hata kijiko, ukiacha wewe. Mtu anaingia, anakaa kwenye kiti cha kinyozi, mimi nasimama na daftari. Kazi huna tangu lini? Watoto wangapi? Mume yuko wapi? Naandika yote, kisha namsomea msaidizi aliye nyuma kwa sauti ya kusikika ili afunge furushi linalomfaa mtu huyo. Haki bin haki.

Lakini watu hawaji. Wiki ya kwanza walikuja thelathini na mmoja, wiki hii wamekuja tisa. Na njaa ipo, kwa sababu kiwanda cha viatu kimefungwa na nusu ya mtaa ilikuwa inakula humo. Mwenyekiti wa kamati, mama ambaye hata akikohoa watu wanaandika, amenipa mpaka Jumamosi ya mwisho ya Juni. Siku hiyo zisipofika kaya hamsini, chumba anapewa mtu wa meza za pool. Meza za pool, Kijiko! Unga wangu utolewe nje ili watu wagonge mipira.

Na wengine wana visa. Juzi alikuja mama mmoja mwembamba, fundi cherehani, mtu wa heshima zake. Nikamkalisha, nikamuuliza maswali. Akanijibu, "Mimi nimekula, nimeshiba, labda watoto tu." Nikamwambia hapa ni pa wenye njaa, aliyeshiba ampishe mwenzake. Akashukuru, akatoka, na hajarudi tena.

Wewe unaona watu wakila kila siku ya Mungu. Nishauri. Stoo hii ikifungwa, mimi nitakuwa mwanamke wa kuhesabu kunguru kweli.

Dada yako


21 Machi

Dada Mkubwa, Bi Stoo,

Shikamoo. Barua yako nimeletewa na mlinzi wa hoteli, mtu mwema ingawa imemchukua siku tano. Kuanzia sasa tumia anuani iliyo nyuma ya bahasha. Ni ya fundi viatu jirani yangu, maana pale hotelini barua hupotea. Simu ilitumbukia kwenye supu. Ndiyo hatari ya kazi yetu. Shemeji mwambie akande goti kwa maji ya moto, na mpwa wangu mwambie kwamba mtoto anayelelewa kwa viazi na malalamiko atakuja kugombea ubunge.

Sasa nisikilize bila kukasirika. Au kasirika kwanza, halafu nisikilize.

Vioo vitoe. Mtu anayepanga foleni ya chakula anajiona tangu alipofunga mlango wa kwake, huna haja ya kumwongezea ukuta mzima. Kiti hicho mpe mtu mwingine. Daftari lifunge. Na huko kusoma kwa sauti, Dada, acha leo hii. Wanaosubiri nje wanasikia, na kila mmoja anajua zamu yake inakuja. Unajua wanavyoondoka? Kwanza mtu anatazama saa, hata kama mkononi hana saa. Kisha anasema peke yake, lakini kwa sauti, kwamba ameacha kitu jikoni. Halafu anakwenda polepole mpaka kwenye kona, na akishapita kona anakaza mwendo.

Tena usifunge mafurushi. Panga vitu kwenye rafu, wape vikapu, wachague wenyewe. Mwenye kikapu mkononi anajihisi mnunuzi, na aliyefungiwa furushi anajihisi mgonjwa.

Huyo fundi cherehani mtafute. Usimtume mtu, nenda mwenyewe.

Mimi huku ni kazi tu, wageni hawaishi. Msiwe na wasiwasi na mimi. Nimekula, nimeshiba.

Mdogo wako,
Kijiko


5 Aprili

Kijiko,

Marahaba. Tu wazima. Goti limesikia maji ya moto, na mpwa wako amekubali kula ndizi.

Barua yako ilinikasirisha siku tatu nzima. Nilimwambia shemeji yako, huyu mtoto niliyemfuta makamasi ndiye wa kunifundisha stoo? Shemeji yako alinichukua mpaka stoo, akanikalisha kwenye kile kiti, akashika daftari langu na kuniuliza kwa sauti yangu mwenyewe, "Mama, kazi huna tangu lini? Na huyo mumeo mbona hakutunzi?" Na mume mwenyewe ndiye yeye! Nikajiona kwenye kioo, mdomo nimeukaza kama mfuko uliofungwa kamba. Sikungoja swali la tatu.

Vioo tumeviondoa, kimebaki kimoja nyuma cha kujifungia kilemba. Kiti amekitwaa shemeji yako kwa ajili ya goti lake. Anakaa nacho nje ya nyumba, akiona mtu anapita upande wa pili anazunguka kumsalimu. Daftari nimelifunga, ingawa mkono uliniwasha wiki nzima. Vikapu wametuazima wauza mboga. Na wiki hii, Kijiko, zimekuja kaya ishirini na sita.

Kwa fundi cherehani nilikwenda mwenyewe. Alinipa kiti, akaniuliza kama nimekula. Yeye aliniuliza mimi! Nilipata aibu ambayo sijaipata tangu utoto. Nikamwomba radhi, akacheka, akasema kwenye kile kiti alifikiri angenyolewa kabisa. Sasa ndiye msaidizi wangu, na mdomo ananizidi.

Nina swali moja. Umejuaje? Hoteli yako haina foleni. Hao wanaotazama saa wasizokuwa nazo umewaona wapi?

Dada yako


30 Aprili

Dada Mkubwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa kuchelewa. Tulikuwa na harusi mbili na mkutano wa madaktari wa meno, na hao jamaa wanakula sukari kuliko watoto.

Kaya ishirini na sita! Nimeruka mpaka fundi viatu akauliza kama nimeshinda bahati nasibu. Mwambie shemeji kiti kimempata mwenyewe. Na mpwa wangu jina la mtoto asichague haraka, mjomba naye ana mawazo yake.

Huku baridi imeanza, lakini jikoni ni joto. Nimekula, nimeshiba mpaka nimelegeza mkanda.

Kijiko


9 Mei

Kijiko mdogo wangu,

Hatujambo, nawe natumaini hujambo. Mpwa wako miguu imevimba lakini moyo mzuri. Swali langu hukulijibu, nami silirudii. Kwa kuwa umesema ni baridi, nimekutumia sweta la shemeji yako kwa anuani ya fundi viatu. Likague vizuri kabla ya kulivaa.

Leo ninaandika na machozi, sikufichi. Ijumaa asubuhi nimefika stoo nikakuta maharage mlangoni. Vifuko kumi na tisa, vimepangwa kwa mstari safi, mafundo yake ni yale yale niliyofunga mimi. Watu wamenirudishia! Hawakuiba, hawakuuza, wamerudisha, na mmoja ameandika kwenye kikaratasi, "Asante, wape wenye shida zaidi." Maharage ndiyo robo tatu ya stoo yangu. Unga na mchele ukiisha, na unaisha Jumanne, yanabaki hayo tu, na wiki hii zimekuja kaya kumi na nne. Tumerudi nyuma.

Bahati mbaya katibu wa kamati alikuwa anapita. Akavitazama vile vifuko, akasema, "Bibi, hao wameshiba. Mwenye njaa harudishi chakula." Nimemuuliza fundi cherehani maana yake nini. Anasema nitaona mwenyewe.

Zimebaki wiki saba. Kijiko, hebu niambie. Maharage yana nini?

Dada yako


20 Mei

Dada,

Shikamoo. Hatujambo, goti, miguu, wote nawasalimu. Sweta limefika na limenienea. Leo naandika haraka kwa sababu nimekasirika, na hasira yangu si kwako.

Maharage hayana kitu. Ni mazuri. Tatizo ni saa tatu. Maharage makavu yanataka saa tatu za moto, wakati mwingine nne. Wewe una mtungi wa gesi na mtungi wa akiba nyuma ya mlango, huwezi kuliona hilo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye moto hamjui asiye na moto. Mtu aliyefukuzwa kiwandani anapima mkaa kwa vipande. Wa chai huu, wa uji wa mtoto huu. Unapewa maharage, unashukuru, unafika nayo chumbani, unayamwaga mezani, halafu ▬▬▬▬▬ wanaangaliana. Nimekata neno hapo, usijali. Kuna mama mmoja namfahamu aliyaloweka siku mbili akitumaini yatalainika kwa huruma. Yakaota. Watoto wake wakayapanda kwenye kopo dirishani, na sasa wana bustani nzuri sana na njaa vilevile.

Kwa hiyo aliyekurudishia maharage hakushiba. Ameona aibu kuyatupa na hana namna ya kuyapika. Na hatakuambia hana mkaa, kwa sababu alishakuambia hana chakula, na mtu ana idadi ya mambo anayoweza kusema hana kwa wiki moja. Mwambie hivyo huyo katibu wenu.

Sasa vaa akili yako ya stoo. Wewe hujawahi kuvumilia kitu kipotee bure. Zunguka mtaa, uangalie ni nani ana moto unaopotea. Kuna dobi? Kuna anayechoma matofali? Kuna tanuri la mikate? Mwokaji akimaliza mkate wa asubuhi, tanuri lake linabaki na joto mpaka jioni, joto la bure, linapasha ukuta. Sufuria ya maharage iliyolowekwa tangu jana, yenye maji ya kutosha, mfuniko umezibwa pembeni kwa unga uliokandwa, iingie saa nne, itoke saa tisa. Hata mlango wa tanuri hufungui. Utayaponda kwa ulimi.

Usiwapikie kwenye sufuria moja kubwa wakapanga foleni na mabakuli. Kila mtu alete sufuria yake kutoka kwake, aondoke nayo imeiva. Mtu akipita njiani na sufuria yake ya moto hakuna wa kumuuliza ametoka wapi.

Mimi usinifikirie. Nimekula, nimeshiba, nimebakiza.

Kijiko


12 Juni

Kijiko,

Marahaba, na marahaba nyingine juu yake. Mpwa wako sasa anatangulizwa na tumbo mlangoni, yeye anafuata. Shemeji yako anakusalimu akizunguka.

Nilikwenda kwa mwokaji siku ileile barua ilipofika. Unamkumbuka? Yule mwenye nyusi nyeupe, sijui ni uzee au ni unga. Nikamweleza. Akasema, "Tanuri langu ni la mikate. Tangu baba yangu. Halijawahi kuingia kitunguu." Nikasema kitunguu hakitaingia, maharage matupu. Akasema maharage yana harufu. Nikamwambia hata yeye ana harufu na tunamvumilia. Hapo nilikosea, akanifungia mlango.

Kesho yake nikampeleka fundi cherehani. Alikwenda nyuma ya tanuri, akabandika kiganja ukutani, akaniita, "Bibi, njoo upate joto, linagawiwa bure kwa ukuta." Mwokaji akatutazama sisi wanawake wawili tumeegemea ukuta wake kama paka. Akaniuliza ni sufuria ngapi. Nikasema kumi. Akasema tano, na zikimwagika nitasugua mwenyewe. Nikakubali kabla hajamaliza.

Siku ya kwanza tulisahau unga wa kuziba mifuniko. Sufuria mbili zilikauka, moja ikawa makaa, na mtu mmoja ambaye simtaji alikuwa ametia kitunguu. Nilisugua tanuri nikiwa nimeingiza kichwa ndani, nikiwa na umri wangu huu. Nikajua yamekwisha. Kumbe mkate wa kesho yake ulitoka na harufu ya kitunguu kwa mbali, na saa moja asubuhi haukubaki hata mmoja. Watu wanauliza, ule mkate mpya utakuwepo tena? Mwokaji anajibu kwamba ni ufundi wake wa siri. Sasa yeye ndiye anayeniuliza vitunguu viko wapi, wala sufuria hazihesabu tena.

Utaratibu ni huu. Jioni watu wanachukua maharage na kwenda kuyaloweka. Asubuhi wanaleta sufuria. Daftari sitaki tena, lakini sufuria zote zinafanana, tutazijuaje? Fundi cherehani ameleta nyuzi. Kila kaya ina uzi wake, unafungwa kwenye mkono wa sufuria. Nyekundu, buluu, kijani na nyeupe, nyeusi mafundo mawili. Hakuna jina, hakuna swali. Mwenye uzi anajua uzi wake. Unaungua kidogo ncha, lakini sufuria tunazisogeza mbali na makaa.

Wiki iliyopita kaya thelathini na nane, wiki hii arobaini na nne. Waliorudisha vifuko wamevichukua tena, na hakuna aliyesema kitu, wala mimi sikusema. Zimebaki wiki mbili. Silali vizuri, lakini ni kukosa usingizi kwa kiherehere.

Yale maneno yako kwamba mtu ana idadi ya mambo anayoweza kusema hana kwa wiki moja, nimeyafikiria sana. Nitayarudia.

Dada yako


1 Julai

Kijiko mdogo wangu,

Kaa chini kabla hujasoma. Kwanza, mpwa wako amejifungua Alhamisi, mtoto wa kike, mzito kama kifuko changu cha mchele, na sauti ya mwenyekiti wa kamati. Jina hana. Wote wanasema tumsubiri mjomba.

Pili, Jumamosi.

Kamati ilikuja saa tisa kasoro. Mwenyekiti mbele na kalamu, katibu nyuma yake, na yule mtu wa meza za pool tayari anapima ukuta kwa hatua. Stoo ilikuwa tupu. Hakuna mtu hata mmoja! Katibu akaangalia saa, hiyo ya kweli, akasema, "Naona kazi imekuwa rahisi." Nikamwambia asubiri, sufuria hazijatoka. Nikaanza kupanga upya vikapu, Kijiko, na vilikuwa vimepangwa tayari.

Halafu tukasikia mikokoteni. Inatokea kwa mwokaji, mitatu imeongozana, mvuke unapanda, na nyuma yake watu, wanacheka, wanabishana uzi wa nani uko wapi. Wa kiwandani, wajane, wazee, mwalimu wa zamani wa mpwa wako, watu ambao sikuwahi kujua kwamba wamepungukiwa. Mwokaji alitembea mbele na aproni mpya, kifua mbele, utadhani yeye ndiye aliyevumbua maharage. Katibu akaanza kuhesabu, akafika thelathini mkokoteni ukamgonga mguu, akaanza upya, mwisho akaambiwa na bibi mmoja mwenye uzi wa kijani, "Mwanangu, shika upande huo tusimwage." Akashika. Akabeba mpaka ndani. Sufuria sabini na tatu. Sabini na tatu!

Mwenyekiti akaniuliza daftari la majina. Nikamwambia sina, nina nyuzi. Akakunja uso. Akasogea kwenye sufuria moja, akaomba ruhusa kwa mwenyewe, akafunua mfuniko. Ile harufu ikatoka. Akafumba macho. Mtu mmoja akamkaribisha, naye akasema haraka haraka, "Hapana, hapana, mimi nimekula, nimeshiba."

Fundi cherehani alimsikia. Hakumwambia ampishe mwingine. Alichukua sahani, akapakua, akampa na kijiko, akaendelea na shughuli zake. Mwenyekiti alikula akiwa amesimama, akamaliza yote, akafuta sahani kwa mkate wa kitunguu. Kisha akamgeukia yule wa meza za pool akamwambia, "Wewe tafuta chumba kingine." Nikapiga kigelegele, Kijiko, mimi ambaye hata harusini huwa naangalia kama vijiko vimerudi vyote. Watu wakanipokea, mtaa ukajaa. Nililia na sikuficha, shemeji yako alizunguka mpaka kiti kikang'oka parafujo.

Stoo ni yetu. Kamati imekubali pia tuajiri mpishi wa kudumu. Na hapo ndipo ninapokuja kwako.

Mama alitufundisha tukienda kwa watu tuseme, nimekula, nimeshiba. Tulisema mpaka ikawa pumzi. Lakini unakumbuka yeye mwenyewe alivyofanya nyumbani? Jioni akipakua, mtoto aliyesema hivyo bila kuulizwa ndiye aliyempakulia kwanza. Hakuuliza, hakueleza. Alijua. Mimi nililelewa na mama huyo, na bado nikamfukuza fundi cherehani kwenye kiti kwa maneno yale yale. Nitajutia hilo mpaka nife.

Sikutaka kukosea mara mbili. Umeniandikia barua tatu, na mara tatu umeniambia umekula. Kijiko, ni nani alikuuliza?

Barua ya kwanza nilihisi. Ya pili nilijua. Ya tatu niliinua karatasi dirishani, nikalisoma neno ulilokata. Ulikuwa umeandika "tunaangaliana". Sikusema, kwa sababu ningesema ungeacha kuandika, na stoo hii ingekuwa na meza za pool. Uliwalisha watu wangu ukiwa na njaa. Nashindwa kukuandikia jinsi ninavyojisikia.

Nataka mpishi anayejua foleni kutoka pande zote mbili. Tiketi ya basi imo kwenye bahasha. Usinijibu kwamba umeshiba.

Dada yako


9 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Mtoto wetu mpya mpelekeeni busu la mjomba, jina nalibeba mwenyewe, siliamini posta.

Hoteli ilifungwa Januari. Mlinzi alibaki kulinda mlango, sisi wengine tukabaki bila mlango. Simu haikutumbukia kwenye supu, niliiuza. Visu vyangu sikuuza. Stoo niliyokuwa napangia foleni huku ina kioo kimoja tu, cha duka la jirani, lakini kilinitosha. Yule mama wa bustani ya maharage anakaa chumba cha pili. Na mikono ya sweta nilikuta umeijaza karanga na kushona ncha zake. Nilikula siku nne, nikasema sweta limenienea, kwa sababu ile wiki nilikuwa nimeshamaliza idadi yangu ya kusema sina.

Nilipoandika juu ya tanuri nilidhani nakuandikia wewe tu. Lakini ulipoleta habari ya mkate wa kitunguu niliisoma kwa sauti kwenye foleni yetu hapa. Watu walicheka mpaka mtu mmoja aliyekuwa ameshaanza kutazama saa akarudi. Jumatatu tulikwenda watu wanane kwa mwokaji wa huku, tukaegemea ukuta wake. Amekubali sufuria sita. Mama wa bustani ndiye mwenye nyuzi. Kwa hiyo siondoki kama mtu anayekimbia.

Basi linafika Alhamisi saa nane na nusu. Usije kunipokea stendi, una kazi. Nitakuja moja kwa moja stoo, niingie kwa mlango wa mbele kama wenzangu, nipange foleni, na sufuria yangu ninayo mkononi. Unitafutie uzi. Rangi yoyote.

Na nikifika mbele yako usiniulize kitu, mimi nitasema mwenyewe. Nimejizoeza tangu jana, nayasema chumbani kwa sauti, na fundi viatu anadhani nimerukwa na akili. Ni maneno mepesi tu, sijui kwa nini yamenichukua miaka arobaini na moja.

Dada, sijala. Nina njaa. Nipakulie.

Kijiko